Bwera kwa Siku ya Soko

Ukitaja Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, mbele ya mtu wa Kampala, mara nyingi atakujibu kwa tarehe. Atakumbuka Novemba 1996, waasi wa ADF walipovuka kutoka Kongo na kuishambulia Mpondwe. Atakumbuka Novemba 2016, askari walipolivamia kasri la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese. Atakumbuka Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka, na Juni 2023, wanafunzi walipouawa usiku bwenini. Tarehe hizo ni za kweli na watu wa huko hawazikatai. Waliozika ni wao. Lakini ukifika Bwera ukauliza kuna nini wiki hii, utajibiwa kwa siku mbili tu: Jumanne na Ijumaa. Hizo ndizo siku za soko la Mpondwe. Ndizo zinazoamua lini mtu ang'oe muhogo, lini akope, lini amtembelee shangazi yake ng'ambo ya mto wa mpakani, na lini mgeni anayetaka kuiona nchi hii ilivyo apange kufika.

Mimi nilitokea kusini: Mutukula, Masaka, Mbarara, Ishaka. Kwa Mtanzania anayesafiri kwa barabara hiyo ndiyo njia ya kawaida, na naipenda kuliko ile ya Fort Portal kwa sababu inakuonyesha Kasese kabla hujaifikia. Baada ya Ishaka gari linapita katikati ya mashamba ya chai na migomba, ubaridi unaingia madirishani, kisha kwenye ukingo wa Kichwamba ardhi inakatika. Chini yako kumelala tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Kushoto ni Ziwa Edward, kulia Ziwa George, na kati yao mkondo wa Kazinga unaoyaunganisha. Barabara inateremka kwa kona nyingi, inaingia Hifadhi ya Malkia Elizabeth, inavuka mkondo kwa daraja la Katunguru, na karibu na Kikorongo inakata mstari wa ikweta. Tembo husimama kando ya lami mchana kweupe, na abiria wa takisi hawageuki kuwatazama.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikabadilishwa jina mwaka 1954 malkia wa Uingereza alipoitembelea. Wageni wengi huishia hapo. Wanapanda mashua kutazama viboko, wanapiga picha kwenye duara la ikweta, wanarudi Entebbe. Kikorongo kwao ni mahali pa kupita. Kwa wenyeji ni njia panda: ukinyoosha unafika Kasese, ukikata kushoto unaelekea Bwera na Kongo.

Nilinyoosha kwanza. Kasese ni mji wa joto uliojibanza chini ya milima ya barafu ya Rwenzori, na msafiri anaweza kukaa huko wiki nzima asiione barafu yenyewe, maana mawingu hayabanduki kileleni. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Wakonzo, wenyeji wa milima hii, wanaamini huko juu ndiko anakokaa mungu wao Kitasamba, na wazee wanaposema kwamba theluji imepungua, hawasemi kama watu wanaotoa taarifa ya hali ya hewa. Ni msiba wanaoutangaza.

Mji ulizaliwa na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya mgodi wa Kilembe, ulio katika bonde la mto Nyamwamba juu ya mji, na shaba ilishushwa hapo ikapakiwa kwenda kuyeyushwa Jinja. Vibarua walikuja kutoka milimani na kutoka mbali, wa Kigezi, wa Rwanda, wa Kongo, wa Kenya. Kambi zilihitaji lugha ya kugawana zamu na ya kubishania mpira, na Kiswahili kikaifanya kazi hiyo. Ndiyo maana Mtanzania anayezoea kujibiwa kwa Kiingereza au Kiganda kule Kampala anashangaa Kasese anapouliza njia na kuelekezwa kwa Kiswahili, tena na bibi mwenye kapu kichwani. Katika sehemu kubwa ya Uganda lugha hii bado inakumbukwa kama lugha ya askari wa vizuizini. Huku ni lugha ya mshahara na ya biashara, na hilo linabadilisha hata namna mtu anavyokutazama unapoitamka.

Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nazo zikakoma baadaye. Reli ipo, nyasi zimeifunika. Mto haukusimama. Mei 2013 Nyamwamba ilifurika ikasomba nyumba na madaraja, na Mei 2020 ikarudia, ikaiharibu na hospitali ya Kilembe. Ukipanda bonde hilo leo unatembea juu ya mawe makubwa kuliko magari, na mwenyeji anakuonyesha kwa kidole: pale palikuwa jiko, pale zizi la mbuzi. Watu wamejenga tena, baadhi yao palepale. Nilipomuuliza kijana mmoja wa bodaboda kwa nini wasihamie juu zaidi, alijibu bila kusita kwamba juu kuna maporomoko, chini kuna maji, na shamba la babu yake liko katikati.

Ugumu wa siasa wa Kasese lazima usimuliwe, japo kwa ufupi, kwa sababu bila hiyo historia mgeni ataendelea kuamini alichoambiwa njiani, kwamba Wakonzo ni watu wakorofi. Wakati wa ukoloni waliwekwa chini ya ufalme wa Toro. Shuleni na kanisani lugha ilikuwa ya Toro, na vyeo vilikwenda huko huko. Juni 30, 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, mwalimu Isaya Mukirane na wenzake walitangaza Rwenzururu yao wenyewe. Mukirane alifariki mwaka 1966 na uongozi ukaangukia kwa mwanawe Charles Wesley Mumbere, aliyekuwa bado mvulana. Vita vya milimani viliendelea hadi mwaka 1982, Mumbere aliposhuka na kuweka silaha chini kwa makubaliano na serikali. Alikwenda Marekani kusoma, na kwa miaka mingi huko alijipatia riziki kwa kuhudumia wazee na wagonjwa. Mwaka 2009 serikali ya Uganda iliutambua ufalme, naye akatawazwa.

Miaka saba baadaye, Novemba 26 na 27, 2016, kulitokea mapigano na vikosi vya usalama yaliyoishia kwa kasri kushambuliwa na kuchomwa. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu zaidi ya watu 150 waliouawa kwa siku hizo mbili. Mfalme alikamatwa na kushtakiwa, akazuiwa kurudi kwao. Mashtaka yalifutwa Juni 2023, na Oktoba mwaka huo akarudi Kasese, barabara zikiwa zimejaa watu. Ukizijumlisha habari hizo unapata watu waliodai kwa zaidi ya miaka 40 kutambuliwa kuwa wapo. Neno ukorofi halitoshi hapo, na mimi nimeacha kulivumilia linapotamkwa mbele yangu.

Kutoka Kasese hadi Bwera ni zaidi kidogo ya kilomita 50 za lami. Takisi zipo, lakini wengi wanapanda magari madogo yanayopakia watu mpaka dereva anakalia nusu ya kiti chake. Gari linarudi Kikorongo, linaingia barabara ya magharibi, linapita njia ya kwenda Katwe ambako chumvi inavunwa kwenye ziwa la volkeno, kisha Kinyamaseke, kisha Kisinga. Hapo nyika imekwisha na vilima vimeanza: muhogo, migomba, na juu zaidi kahawa.

Nyuma yangu walikaa akina mama wawili wasiofahamiana, mmoja wa Kisinga, mwingine wa Kasindi, upande wa Kongo. Walisalimiana, Wabukire, wakaulizana majina, na gari halijafika mbali walikuwa wameshajua kila mmoja ni wa ngapi kuzaliwa kwao. Wakonzo na ndugu zao Wanande wa Kongo humpa mtoto jina kwa mfuatano. Msichana wa kwanza ni Masika pande zote mbili. Wa pili upande wa Uganda ni Biira, upande wa Kongo ni Kavira. Wavulana nao: Bwambale huku, Kambale kule, Masereka huku, Kasereka kule, Kule na Kakule, Thembo na Katembo. Hawa walikuwa Biira na Kavira, mabinti wa pili wote wawili, na kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa ya watu wenye nafasi moja katika familia, wanaofahamu uzito wa kuwa na dada mkubwa. Mpaka uliowatenga uliandikwa Brussels mwaka 1910, na wazungu waliogawana nchi wasiyoijua. Ndani ya gari lile haukuwa na nguvu ya kuwanyamazisha hata kidogo.

Nilishuka Kisinga kwa nusu siku kwa ajili ya kahawa. Miteremko ya Kyarumba, juu ya hapo, ni makao ya chama cha ushirika cha Bukonzo Joint, na kisa chake kinastahili kujulikana Moshi na Mbinga kuliko kinavyojulikana. Arabika ya milima hii kwa muda mrefu iliuzwa kwa bei ya chini kwa sababu ilivunwa mbichi na kukaushwa chini. Wanachama walipokaa kutafuta sababu, hawakuikuta kwenye udongo. Waliikuta nyumbani. Mke alipalilia, alichuma, alibeba. Mume aliuza na kuweka fedha. Kwa hiyo mke alichuma haraka haraka na kuuza kidogo kidogo kwa siri ili apate ya chumvi, na mume naye aliwahi kuuza kabla mke hajauza. Kahawa mbichi ilitokana na watu wawili wa nyumba moja kutoaminiana.

Dawa waliyoitumia ni michoro. Watu ambao wengi hawakusoma walichora mti: mizizi ni kazi na nani anaifanya, matawi ni matumizi na nani anafaidi. Mume anapouona mti wa nyumba yake umeegemea upande mmoja, mwenyewe anajua kwamba upepo ukija utaanguka. Baadhi ya wanandoa walifika mbali zaidi, wakaandikisha ardhi kwa majina ya wote wawili. Kahawa ikaanza kuchumwa nyekundu. Njia hiyo ya michoro imepelekwa nchi nyingine za Afrika na nje yake, na ilikomazwa hapa, kwenye wilaya ambayo magazeti huitaja tu panapokuwa na damu.

Bwera yenyewe iko juu ya vilima, Mpondwe iko chini mtoni, na siku hizi miji hiyo imeungana hata huwezi kuona mmoja unaishia wapi. Sensa ya 2014 ilihesabu watu zaidi ya 50,000 katika mji mdogo wa Mpondwe-Lhubiriha. Jioni ya Alhamisi nyumba za wageni zinajaa. Wenye maroli wanalala ndani ya maroli. Nilikula bundu kwa mama mmoja karibu na stendi: ugali wa muhogo, mweusi kidogo, unaonata, unaokatwa kwa vidole viwili na kuchovywa kwenye sombe, yaani kisamvu, yenye mawese. Anayezoea ugali wa mahindi atauona mzito. Nilimaliza sahani na kuongeza, na mpishi akaridhika, akanieleza kwamba unga ni wa kwake, muhogo wa ng'ambo, sombe ya kwake, mawese ya ng'ambo. Sahani nzima ilikuwa na nchi mbili ndani yake na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo.

Ijumaa alfajiri watu wanaanza kushuka. Mto Lhubiriha ndio mpaka. Si mpana, na kiangazi mtu anauvuka kwa miguu. Kutoka Kongo wanakuja na mawese kwenye madumu ya njano, vitenge, unga wa muhogo, mbao. Kutoka Uganda wanakwenda na saruji ya Hima, sabuni, unga wa mahindi, samaki wakavu, chumvi ya Katwe iliyokatwa mabonge. Wabadilisha fedha wanakaa chini ya miavuli, shilingi upande mmoja, faranga upande mwingine, dola mfukoni. Bei zinatajwa kwa sarafu yoyote kati ya hizo tatu, na mtoto wa miaka kumi anayeuza maji anakupigia hesabu zote bila karatasi.

Mama mmoja wa Kongo alinisimamisha kwenye vitenge.

"Papa, karibia uone. Hii njo ya kweli, haitoke rangi."

Nilimuuliza bei.

"Elfu makumi ine."

Nikasema ishirini na tano. Hakunijibu. Alikunjua kitenge chote, akaloweka pembe yake kwenye kopo la maji, akaifikicha kwa vidole, kisha akaipangusa kwenye kitambaa cheupe alichokuwa amejifunga kiunoni. Kitambaa kilibaki cheupe. Akaniangalia tu. Muuzaji wa jirani, Mkonzo wa Bwera, akasema kwa niaba yangu: "Mama, mpunguzie, ni mgeni wetu." Nililipa thelathini na tano. Kilichonigusa ni huyo jirani. Alikuwa na vitenge vyake mwenyewe pale mezani, vilevile kabisa, na angeweza kuniita. Nilipomuuliza baadaye, alisema kwamba mama yule analala kwake usiku wa Alhamisi na yeye hulala kwa mama yule Kasindi soko la huko likichangamka, na mtu hamnyang'anyi mteja mwenye kitanda chako.

Baada ya kuona soko hilo ndipo mtu anaweza kuielewa Ebola ya 2019, na ndiyo habari ambayo naona ilisimuliwa vibaya kuliko zote.

Kongo ilitangaza mlipuko wa Kivu Kaskazini Agosti 1, 2018. Ulipokwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Beni na Butembo, miji ambayo bidhaa za Mpondwe zinatoka na kwenda, ilikuwa katikati yake. Mpakani yaliwekwa matangi ya maji ya klorini na watu wa kupima joto, na kila anayevuka alinawa na kupimwa. Kwa upande wake Uganda ilichanja mapema karibu wahudumu wa afya 4,700, ugonjwa ukiwa bado haujavuka, na Bwera ikawa na kituo cha matibabu kilichokaa tayari kikisubiri.

Mwaka 2019 mwanamke wa Kongo aliyeolewa Uganda alivuka kwenda kumuuguza baba yake, naye mzee akafariki Mei. Aliporudi na watoto na mama yake, wengine walikuwa na dalili, wakawekwa kando upande wa Kasindi. Baadhi yao waliondoka hapo wakavuka kwa njia ya miguu. Mtoto wa miaka 5 alizidiwa, wakamkimbiza hospitali ya Kagando, palepale Kisinga. Wahudumu wa Kagando waliishuku Ebola, wakatoa taarifa na kumhamishia Bwera. Juni 11 vipimo vilithibitisha. Mtoto alikufa, bibi yake alikufa, na mdogo wake wa miaka 3, aliyerudishwa Kongo pamoja na ndugu zake, naye alikufa.

Magazeti ya nje yaliandika kwamba walitoroka. Walikuwa wanakwenda nyumbani. Baba wa watoto alikuwa Uganda, kitanda chao kilikuwa Uganda, na hospitali waliyoijua na kuiamini ilikuwa Kagando. Mama yeyote mwenye mtoto anayetapika damu angeelekea huko. Na jambo ambalo halikupata kichwa cha habari ni hili: hakuna mtu mwingine aliyeambukizwa Uganda. Agosti mwaka huohuo msichana wa miaka 9 aliyevuka na mama yake kutafuta matibabu alitambuliwa pale pale kwenye kizuizi cha Mpondwe. Alifariki, Mungu amrehemu, na ugonjwa haukupita hapo. Wauguzi wa wilaya, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, wahudumu wa vijiji wanaopita nyumba kwa nyumba na daftari, hao ndio waliouzuia, mpaka ukiwa wazi na soko likiendelea.

Naandika mpaka ukiwa wazi kwa makusudi. Wakati ule wengi walitaka ufungwe, na Shirika la Afya Duniani lilishauri usifungwe. Sababu inaonekana kwa macho ukisimama juu ya kilima cha Bwera: mto mwembamba, vivuko vya miguu visivyohesabika, na ukoo mmoja kila upande. Ukifunga lango, watu watapita njia za panya, mahali ambapo hakuna anayepima joto. Machi 2020, kwa ajili ya korona, mpaka ulifungwa kwa watu na kuachwa kwa mizigo ya maroli. Wafanyabiashara wa kichwani waliniambia kuhusu mwaka huo kwa sauti tofauti na wanayoitumia kwa Ebola. Ebola waliipigania. Korona iliwakuta mtaji umeliwa, na wengine hawakuwahi kuurudisha.

Kuhusu Juni 16, 2023 sikumuuliza mtu. Waliotaka kusema walisema. Usiku ule waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, umbali mfupi kutoka mpakani, wakaua wanafunzi 37 na watu wengine, wakateka wengine na kukimbilia Kongo. Mwalimu mmoja wa shule nyingine alinieleza jinsi wazazi walivyokaa siku nyingi wakisubiri vipimo vya vinasaba, kwa sababu bweni la wavulana lilichomwa na watoto hawakutambulika. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alilibeba kwa muda mrefu: kwamba kila anayefika anamuuliza kuhusu waliouawa, na hakuna anayemuuliza kuhusu waliofaulu. Nikamuuliza. Alitaja majina mpaka chai ikapoa, nani yuko chuo gani, nani anasomea uuguzi, nani amerudi kufundisha.

Hatari ipo. Sitamdanganya msomaji kwamba haipo. Oktoba 2023 watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa ndani ya hifadhi, na anayepanga safari anapaswa kusikiliza wenyeji kabla ya kusogea popote usiku. Lakini hofu ya mbali ina gharama na inalipwa na watu wa karibu. Waongozaji wa milima wanafutiwa safari kwa tukio lililotokea bonde jingine. Mfanyabiashara wa Bwera anaomba bidhaa kwa mali kauli Kampala na anaambiwa alipe kwanza, kwa sababu anatoka huko.

Siku hizi gumzo la sokoni ni barabara. Juni 16, 2021, miaka miwili kamili kabla ya msiba wa Lhubiriha, Rais Museveni na Rais Tshisekedi walikutana hapo Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za Kongo, ikiwamo kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za kutoka Beni hadi Butembo. Mwaka uliofuata Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mwenye roli hiyo ni habari njema isiyo na doa: njia iliyokuwa inakula siku na springi za gari inakuwa ya saa chache.

Mama mmoja anayepeleka samaki wakavu na sabuni Kasindi aliitazama kwa jicho jingine. Zamani, alisema, barabara mbaya ilimlinda. Roli kubwa halikutaka kujisumbua kwa mzigo wa vijijini, kwa hiyo vijiji vya kati viliachiwa watu kama yeye. Lami ikifika, tajiri wa Butembo atapakia sabuni mwenyewe Kampala na kupita Mpondwe bila hata kushusha kioo. Niliona ana haki ya kuhofu, na sikuwa na la kumfariji. Hakuhitaji. Yeye na wenzake wa chama cha akiba, wengine wa Bwera na wengine wa ng'ambo, wamekubaliana kuacha kugawana fedha za mwisho wa mwaka. Wanazilimbikiza wakodi Fuso moja, wapeleke samaki wao moja kwa moja hadi Beni na kurudi na mawese. Wamebishana sana juu ya nani asafiri na mzigo. Waliafikiana waende wawili kila safari, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, ili katika kila kizuizi cha njiani awepo mwenye kujulikana. Dereva wanamtafuta bado. Aliniuliza kama namfahamu mtu Mbarara anayekodisha Fuso kwa bei ya haki, nikampa namba ya mtu ninayemwamini.